Kona Iliyokatwa

"Rudia," alisema Inspekta.

"Afande, nimerudia mpaka ulimi umeota sugu."

"Mara ya mwisho."

Msusi alishusha pumzi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, vidole vyake vimeingia weusi usiotoka kwa sabuni, na hii ilikuwa siku yake ya nne mahabusu. Pale kituoni askari walimwita Inspekta "Rudia" akishawapa mgongo, kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni. Aliamini kwamba mtu akisimulia uongo mara tano, mara ya sita atakosea rangi ya shati. Huyu alikuwa amesimulia mara kumi na saba, na shati lilikuwa bado rangi ileile.

"Wifi alikuja Jumamosi saa nne," alianza msusi. "Akasema, leo nipake rangi nyeusi, Jumatatu napiga picha ya kitambulisho. Nikamwambia, wifi wewe, ngozi yako inawashwa na kila sabuni, ngoja nikuwekee tone nyuma ya sikio, urudi baada ya siku mbili. Ndivyo ninavyofanya kwa kila mtu. Uliza mtaa mzima, kuna wateja wananikimbia kwa ajili hiyo. Akafungua fundo la kanga, akanionyesha kadi ya kliniki ya ngozi. Manukato aepuke, rangi ya nywele haina tatizo. Akasema, nimekaa na plasta mgongoni siku mbili bila kuoga, nawe unataka kunipima tena? Tukacheka. Nikampaka."

"Halafu?"

"Halafu unajua, afande. Robo saa haijafika akaanza kujikuna shingo. Macho yakavimba. Nikamwosha mbiombio, nikaita gari. Koo likamfunga njiani, kichwa kikiwa hapa." Aligusa paja lake.

Rudia hakuandika kitu. Maneno hayo yalikuwa tayari kwenye jalada, na jalada lilitakiwa mezani kwa mwendesha mashtaka saa nane mchana. Likifika huko kama lilivyo, msusi angeshtakiwa kwa kusababisha kifo cha wifi yake, mke wa mdogo wake wa pekee.

Na jalada halikumpendelea. Siku mbili za mwanzo Rudia alizipoteza akifikiri rangi ilikuwa bandia, lakini maabara ilipima mabaki ya kwenye bakuli ikayakuta sawasawa na maandishi ya boksi. Ndugu walisema mawifi hao waliwahi kununiana mwezi mzima kwa sababu ya sufuria. Kisha ikaja barua ya kliniki: marehemu alishiriki katika utafiti wa mzio unaoletwa na vipodozi, alionekana kudhurika na kemikali ya rangi nyeusi, na alipewa kadi ya tahadhari. Kadi yenyewe haikuonekana popote. Rudia aliposoma barua ile alikwenda saluni palepale, akamtoa msusi mbele ya wateja, mmoja akiwa na nywele zilizosukwa nusu. Alikumbuka alivyosimama ndani akimsubiri afunge droo zake, akitazama neno SALUNI kwenye kioo cha mbele. Kwa ndani lilisomeka kinyumenyume, ila A na U na I zilikuwa vilevile.

"Kadi hiyo ilikuwaje?" aliuliza, kwa mazoea tu.

"Ya njano. Ina muhuri. Namba moja mpaka kumi, saba imezungushiwa duara."

Rudia aliinua kichwa. Akafunua jalada hadi kwenye barua ya kliniki, kwenye orodha iliyobanwa nyuma yake. Kulikuwa na vitu kumi vilivyopimwa. Namba mbili, kemikali ya rangi nyeusi ya nywele. Namba saba, manukato. Msusi hakuwahi kuonyeshwa orodha hiyo. Mtu anayetunga angesema kadi iliruhusu, basi. Asingeokota namba hewani ikaangukia palepale penye manukato.

"Mbona hukuniambia habari ya saba?"

"Nilikwambia siku ya kwanza," alisema msusi kwa upole uliomchoma kuliko matusi. "Ukaniambia nirudie."

*

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Rafu za chumba cha utafiti zilijaa vitu ambavyo washiriki walitoa bafuni kwao: mafuta ya kujipaka, sabuni, dawa za kwapa, krimu za kung'arisha uso, kila kimoja na namba ya mshiriki kwenye utepe mweupe. Harufu zilikuwa zimechanganyika mpaka pua ikakata tamaa. Rudia alitafuta namba ya marehemu, thelathini na moja, akaikuta: mafuta ya nazi, yamebaki nusu chupa.

Daktari wa ngozi alikuwa mtu wa nywele za mvi na maneno machache. Aliweka picha mezani.

"Barua yangu iko wazi, Inspekta. Tunabandika kemikali kumi mgongoni, safu mbili, pande zote mbili za uti wa mgongo. Safu ya kushoto moja mpaka tano, ya kulia sita mpaka kumi. Baada ya siku mbili tunabandua. Penye wekundu, hapo ndipo penye adui."

Picha ilionyesha mgongo wa mwanamke. Upande wa kushoto, duara la pili kutoka juu, palikuwa na uvimbe mwekundu ukubwa wa kifungo cha koti, na chini yake alama ya kuzaliwa, ndogo, kama punje ya haragwe.

"Kushoto, ya pili," alisema daktari. "Namba mbili. Rangi."

"Picha umeisoma wewe?"

"Mimi. Kila mwisho wa mwezi nazisoma zote na kuziingiza kwenye daftari la utafiti."

"Na kadi?"

"Kadi anaandika nesi, siku ileile ya kubandua. Anamsoma mgonjwa mgongoni moja kwa moja ili asirudi nyumbani mikono mitupu."

"Mnalinganisha kadi na daftari?"

Daktari alivua miwani. "Daftari halina majina, kwa ajili ya siri za wagonjwa. Kwetu sisi yeye ni thelathini na moja."

"Kwao ni mama wa watoto wawili," alisema Rudia. "Kadi zinachanwa kutoka kwenye kitabu?"

"Ndiyo."

"Basi kuna vishina vilivyobaki kitabuni. Naomba nivione."

Aliyekuja na kitabu alikuwa nesi kijana, nadhifu, saa imebanwa kifuani. Kishina cha thelathini na moja kilikuwa na duara kwenye saba. Manukato: epuka. Rangi ya nywele: haina tatizo. Daktari alikisoma, akakisoma tena, halafu akaitazama picha yake kana kwamba imemsaliti.

"Mwandiko wako?" Rudia alimwuliza nesi.

"Wangu, afande."

"Nionyeshe ulivyosoma. Taratibu, kama siku zote."

Nesi alivuta droo akatoa kipande cha nailoni ngumu inayopitisha mwanga, ukubwa wa daftari la shule, kina matundu kumi, kila tundu na namba yake kwa wino mwekundu. Alieleza kwamba huwa anakilaza juu ya mgongo, tundu linaloangukia penye wekundu ndilo linalotaja kemikali. Akatazama huku na huku akitafuta mgongo. Rudia alivua koti, akageuka, akainamisha kichwa.

Alisikia nailoni ikigusa shati lake.

"Naanza juu," alisema nesi. "Huku kushoto ni sita, saba, nane..."

"Ngoja," alisema daktari. "Sita iko wapi?"

"Hapa. Kushoto."

Rudia hakuhitaji kugeuka ili ajue, lakini aligeuka. Nesi alikuwa bado ameshika nailoni hewani, na uso wa daktari ulikuwa umepauka.

Rudia aliichukua nailoni, akaielekeza dirishani. Kwa ukucha alikwangua wino mwekundu upande wa juu. Kisha akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa na vivuli vya wino mweusi wa zamani, umechakaa kiasi kwamba namba nyingi zilikuwa zimetoweka. Mbili tu zilionekana vizuri.

"Namba hizi nyekundu nani aliandika?"

"Mimi, afande. Za mwanzo zilikuwa zimefutika, tunaipangusa kwa spiriti kila mgonjwa akitoka. Siku niliyoanza kazi nilikuta moja na nane tu. Nikazifuata hizo, nikajazia zilizobaki."

Rudia alikumbuka kioo cha saluni. Moja na nane, ukizitazama kwa nyuma, ni moja na nane vilevile. Nesi aliikuta nailoni imelala kifudifudi ndani ya droo, akaona namba mbili zisizo na mbele wala nyuma, akaandika kwa uaminifu kabisa juu ya upande usio wake. Safu zikabadilishana nafasi. Mbili ikawa saba.

"Hukushangaa moja kukaa kulia?"

"Nilidhani ndivyo mnavyoanzia hapa."

"Na kona hii iliyokatwa?"

"Niliikuta hivyo. Nilidhani imekatika, nikainyoosha kwa mkasi ili isimchome mtu."

"Niliikata mimi," alisema daktari. Aliketi. "Ili isigeuzwe. Kona iliyokatwa inakaa juu kushoto."

"Ulimwambia?"

"Nesi aliyetangulia alijua."

"Nimeuliza huyu."

Daktari alitazama mikono yake. "Nilidhani ameambiwa," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Miaka sita nahesabu migongo ya watu ili krimu moja iondolewe dukani. Na sikuwahi kufungua kitabu hiki hata siku moja."

Nesi hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amepiga magoti kwenye kabati akitoa vitabu vya vishina, akifunua, akisoma kwa midomo. Alipomaliza alikuwa na vishina tisa vyenye duara mkononi.

"Tisa, tangu nianze. Yeye ni mmojawapo. Wamebaki wanane." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Afande, yule mama alinishukuru. Alisema, sasa nitapaka rangi kwa raha zangu. Nikamwambia, upendeze."

Rudia alisogeza simu ya mezani karibu na nesi.

"Anza na walioambiwa rangi haina tatizo," alisema. "Usiwaeleze mengi. Waambie wasipake kitu mpaka waje."

Alipokuwa akisaini kuchukua nailoni na kishina, nesi alikuwa tayari anaongea na mtu wa kwanza, akimsihi asikate simu.

*

Ndani ya gari Rudia hakuwasha injini. Saa ilikuwa tano na nusu. Kishina kilikuwa kitu kikubwa, lakini alimjua mwendesha mashtaka: angeuliza kama kadi yenyewe haikusahihishwa baadaye, na kama msusi aliiona kweli. Kadi ilihitajika. Akafunua maelezo ya mume wa marehemu, aliyoyaandika yeye mwenyewe siku ya pili baada ya kumkamata msusi.

Swali: Je, uliona kadi yoyote ya kliniki kwenye vitu vya marehemu?

Jibu: Hapana, afande. Sijaona kadi yoyote ya njano.

Rudia alijipiga paji la uso kwa kiganja. Swali lake halikuwa na rangi. Mume aliiongeza rangi mwenyewe, na yeye, mtu wa kurudiarudia, akaiandika kwa mwandiko mzuri na kupita.

Mume alikuwa fundi wa friji. Alimkuta kwenye banda lake, amechutama nyuma ya friji isiyo na mlango, bisibisi mkononi, hafungui wala hafungi chochote.

"Nipe kadi," alisema Rudia.

"Kadi gani, afande?"

"Ya njano. Nimechoka leo, fundi. Nimekosea vya kutosha, sitaki kuongeza la kukuweka ndani mbele ya majirani."

Fundi aliweka bisibisi chini. Akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa kadi iliyokunjwa ndani ya karatasi ya nailoni. Hakuwa ameificha mbali. Alikuwa akitembea nayo kifuani siku zote hizo. Saba ilikuwa na duara, na hakuna kilichofutwa wala kuongezwa.

"Uliipata lini?"

"Siku ya mazishi. Ilikuwa kwenye fundo la kanga yake."

"Dada yako yuko ndani siku ya nne. Hii ingemtoa siku ileile uliyoipata."

"Najua."

"Mlikosana?"

"Na dada?" Alicheka kicheko kikavu. "Dada ndiye aliyenilea, afande. Mama alipofariki mimi nilikuwa sijui kufunga kamba za viatu."

"Basi nieleze."

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali, kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na grisi.

"Mke wangu alikuwa na mvi hapa mbele. Chache tu. Tukaambiwa vitambulisho vipya, kila mtu apige picha. Mbele ya rafiki zangu nikamtania. Nikasema, ukipiga hivyo watadhani ni kitambulisho cha mama yangu. Wakacheka. Na yeye akacheka. Jumamosi akaenda kupaka." Aliokota bisibisi, akaiweka tena chini. "Mlipokuja mkasema dada aliona onyo akapuuza, nikapata mtu wa kumkasirikia. Kisha nikaipata hiyo kadi. Nikasoma, haina tatizo. Nikajiuliza, kama hospitali iliruhusu, na dada hakukosea, nani basi aliyemtuma akapake? Kila asubuhi nilisema leo naipeleka kituoni. Nikifika kona ya barabara narudi."

Rudia aliiweka kadi kwenye bahasha. Alikuwa na haki ya kumkamata na alijua kifungu chenyewe. Badala yake alimweleza habari ya nailoni, kwa maneno mafupi, na fundi alisikiliza akiwa amekodolea macho friji tupu.

"Kwa hiyo si mimi?" aliuliza mwisho.

"Aliyemdhuru ni namba iliyogeuzwa. Habari ya kuficha kadi, wa kukuhukumu ni dada yako. Panda gari."

*

Saa saba na dakika arobaini mwendesha mashtaka alisema kwenye simu kwamba msusi aachiwe. Kwenye kaunta ya kituo walimrudishia vitu vyake: funguo za saluni, kitana, pochi, mkufu. Alivikagua kimoja kimoja akasaini. Rudia alimweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi, na alipomaliza alisema, "Nimekukosea, mama. Ulinipa saba siku ya kwanza nikaitupa. Nisamehe."

"Kwa hiyo wifi hakunidanganya," alisema msusi.

"Hakukudanganya. Na wewe hukumuua."

Aliitikia kwa kichwa, lakini uso wake haukufunguka.

"Ningemwekea tu nyuma ya sikio, afande. Siku mbili. Ningeona wekundu, tungeahirisha, angenuna, basi. Miaka kumi na minane sijamruka mtu. Nikamruka yeye kwa kuwa ni wangu." Alifunga mkufu shingoni bila kioo. "Kadi imepatikana wapi?"

Rudia aligeuka kutazama benchi la ukutani, na msusi naye akageuka. Mdogo wake alikuwa amesimama hapo, mikono imening'inia.

"Ilikuwa kwangu, dada," alisema kwa sauti ya chini.

Msusi alimtazama. Askari wa kaunta aliacha kuandika.

"Rudia," alisema msusi.

Inspekta alishtuka kusikia neno lake, na akajua sasa linavyosikika kwa mtu anayeambiwa. Mara ya pili maneno ya fundi yalitoka kwa shida zaidi, na yalitoka yote: kadi, mazishi, mvi, utani, kona ya barabara. Hakuacha hata moja. Alipofika mwisho alikuwa analia kwa sauti, mwanaume mzima, mbele ya askari watatu na mwanamke aliyekuja kuripoti baiskeli iliyoibiwa.

Msusi hakumshika, wala hakumfukuza. Alisimama hadi kilio kikapungua.

"Watoto wako na nani?" aliuliza.

"Kwa jirani."

"Wamekula?"

Fundi alifuta pua kwa mkono wa shati. "Sijui, dada."

"Hujui," alisema msusi. Akachukua pochi yake, akatoka mlangoni, akashuka ngazi peke yake. Chini alisimama, akiwa bado amewapa mgongo, akasubiri mpaka alipozisikia hatua za mdogo wake zikishuka nyuma yake, ndipo akaendelea kutembea.